Jukwaa la Kamirithu na swali la Kiandutu

Nje ya Kenya, Thika inajulikana kwa kitabu kimoja. Elspeth Huxley, binti wa walowezi waliokuja hapa kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza kujaribu bahati yao katika kahawa, alichapisha kumbukumbu za utoto wake mwaka 1959, akakipa kitabu chake jina la mji huu na la miti yake ya maua mekundu. Mwaka 1981 televisheni ya Uingereza ikakigeuza kuwa mchezo wa vipindi saba. Hadi leo wapo wageni wanaosimama katika hoteli ya Blue Posts, pale maporomoko ya Chania na ya Thika yanapokaribiana, wakiitafuta Thika ya Huxley.

Mwaka huo huo wa 1981, katika eneo ambalo leo ni kaunti moja na Thika, kundi la wakulima, vibarua na wafanyakazi wa viwandani lilikuwa likijiandaa kurudi jukwaani na mchezo wake wa pili. Ule wa kwanza walikuwa wameuigiza miaka minne nyuma kwa wiki chache tu, serikali ikaupiga marufuku, na mwandishi wake mmoja akatupwa kizuizini. Bado walirudi. Kijiji chao kinaitwa Kamirithu, kiko Limuru, na kituo walichokijenga kilikuwa mahali pa kusoma, kujadiliana, kuimba na kuigiza kwa lugha yao wenyewe. Ningependa mkazi wa Kiandutu aijue habari ya Kamirithu kabla ya kuijua ya Huxley, kwa sababu ni habari ya watu wanaofanana naye.

Kiandutu ni mtaa wa mabanda ulio ubavuni mwa mji wa Thika, upande wa barabara iendayo Garissa. Nyumba nyingi ni za mabati, zimesongamana kiasi kwamba mtu akikaanga kitunguu, nyumba tatu za jirani zinajua chakula kiko jikoni. Alfajiri vijana na kina mama hushika njia kuelekea malango ya viwanda, wasimame pale wakingoja msimamizi ahesabu anaowahitaji kwa siku hiyo. Wasiochukuliwa hurudi wakitafuta nguo za kufua Makongeni, mzigo wa kubeba sokoni, au siku moja ya kazi kwenye machimbo ya mawe. Katika kichochoro kimoja utasikia Gikuyu, Kikamba, Kiluhya na Dholuo, na kinachowaunganisha watu hawa wakigombania zamu ya maji au wakizika jirani ni Kiswahili.

Watu hawa wana mengi ya kusema kuhusu ardhi, mishahara na ndoa za watoto wao. Wanayasema kwenye foleni ya bomba, kwenye kibanda cha chapati, kanisani na msikitini. Jukwaa lao wenyewe la kuyasemea, hawana.

Kamirithu nayo haikuwa kijiji cha kale chenye mila zilizohifadhiwa vizuri. Ilizaliwa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, pale serikali ya kikoloni ilipobomoa makazi ya watu na kuwarundika katika vijiji vipya ili iwaangalie kwa urahisi. Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi wa bweni katika shule ya Alliance, alirudi nyumbani likizo mwaka 1955 akakuta kijiji chao kimefutwa, na familia yake imehamishiwa Kamirithu. Baada ya uhuru kijiji kikabaki pale pale, kikawa makazi ya vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, mafundi, wachuuzi na wengi wasio na kazi. Katikati yake palikuwa na kiwanja cha ekari nne kilichotengewa kituo cha vijana. Kilichosimama hapo ni jengo bovu la udongo lenye vyumba vinne. Kwingine kote ni nyasi.

Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijiji hicho alibisha hodi kwa Ngugi, wakati huo mkuu wa idara ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikwenda moja kwa moja kwenye shida yake: wewe una elimu, unaandika vitabu, kwa nini wewe na wenzako msitugawie kidogo? Ngugi akasema atafikiria. Mwanamke akarudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, na nyingine tena, Jumapili nne mfululizo, na maneno yale yale. Ngugi mwenyewe ndiye aliyeyasimulia hayo, na kila nikisoma sehemu hiyo huona kwamba mwasisi wa kituo ni yule mwanamke. Profesa alikuwa mtu aliyekubali kuitikia wito.

Kazi ya kwanza haikuwa sanaa. Ilikuwa masomo ya ngumbaru, yaliyosimamiwa zaidi na Ngugi wa Mirii, mtafiti wa chuo kikuu aliyejikita katika elimu ya watu wazima. Watu walijifunza kusoma na kuandika kwa kuzungumzia maisha yao wenyewe: nani ana shamba na nani hana, mshahara unatosha nini, mahari, pombe, kanisa. Masomo yalipokwisha wanafunzi wakataka kitu cha kuendeleza mazungumzo yale. Ndipo akina Ngugi wawili wakaombwa waandike mchezo. Mswada wa kwanza ulikuwa tayari kufikia Aprili 1977, ukaitwa Ngaahika Ndeenda, yaani nitaolewa nikipenda.

Hapa ndipo Kamirithu inapoachana na vituo vingi vya utamaduni nilivyowahi kuvijua. Mswada haukupelekwa kwa waigizaji ili waukariri. Ulisomwa mbele ya kijiji, na kijiji kikaanza kuusahihisha. Wazee walisimama wakasema: mzee haongei hivi. Ukitaka aheshimike, mpe methali inayomfaa, mpe mwendo wa maneno ya mtu wa rika lake. Lugha ya kijana kwa baba mkwe ikabishaniwa kwa muda mrefu. Wasomi waliokuwa wamesomeshwa kwa Kiingereza walikaa chini wakafundishwa lugha ya mama zao na watu ambao baadhi yao walikuwa wamejua kusoma miezi michache tu iliyotangulia. Mama mmoja aliyekuwa hajui kusoma ndiye aliyewafundisha wengine uimbaji wa gitiro, ule wa majibizano ya kina mama wakati wa shughuli za arusi, na ukaingia katika mchezo kama alivyoutoa. Mzee mwingine alichonga bunduki za kuigizia. Katika miaka ya 50 alikuwa akitengeneza za kweli kwa ajili ya wapiganaji wa Mau Mau.

Mjadala ulioniteka zaidi ni ule wa wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Mhusika mmoja wa mchezo ni mfanyakazi wa kiwandani, na wakulima walitaka kuelewa anapata nini na anapoteza nini. Wafanyakazi wakawapigia hesabu. Kwa mujibu wa Ngugi, walieleza kwamba viatu wanavyovitengeneza kwa siku moja tu vina thamani ya kulipa mishahara ya mwezi mzima ya watu wote wa kiwanda, karibu 3,000. Halafu wakauliza: siku nyingine 29 tunamfanyia kazi nani? Swali hilo halikutoka katika kitabu cha uchumi. Lilitoka kwa mtu aliyesimama kwenye mashine, na likapata njia ya kuingia katika maneno ya mchezo. Nimelifikiria swali hilo mara nyingi nikipita eneo la viwanda la Thika saa za kubadilishana zamu.

Jukwaa walilijenga wenyewe. Lilikuwa ulingo wa nusu duara ulioinuliwa kidogo, nyuma yake ukuta wa mianzi uliopinda vivyo hivyo, na nyuma ya ukuta kijumba cha vyumba vitatu cha kuwekea vifaa na kubadilishia nguo. Watazamaji walikaa kwenye madawati marefu ya mbao yaliyopandishwa ngazi kwa ngazi, yakienda kukutana na jukwaa kiasi kwamba mtu wa mbele angeweza kumgusa mwigizaji. Hapakuwa na paa. Watu zaidi ya 2,000 waliweza kukaa. Mazoezi yalianza Juni, na yalifanywa hadharani, kila mpita njia akisimama na kutoa maoni. Kimani Gecau, mhadhiri na mwelekezi wa mchezo, hakuwa na pazia la kujifichia. Kufikia siku ya ufunguzi sehemu kubwa ya kijiji ilijua maneno kwa moyo, na bado watu walilipa kiingilio waje wauone.

Mchezo ulifunguliwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977. Kigunda ni kibarua wa shamba mwenye ekari moja na nusu, na hati ya ardhi hiyo ameitundika ukutani nyumbani kwake. Tajiri wake, Ahab Kioi wa Kanoru, anamjia na dini na urafiki. Anamshawishi afunge arusi ya kanisani na mke aliyeishi naye miaka yote, na ili aimudu arusi hiyo Kigunda anachukua mkopo akiweka rehani ile hati. Arusi ndiyo hiyo, na shamba ndilo hilo linapigwa mnada. Binti yake, Gathoni, anadanganywa na mtoto wa tajiri, kisha anaachwa na mimba. Mtu yeyote wa Kiandutu ambaye mzazi wake aliuza kishamba cha nyumbani akaja mjini kutafuta maisha hahitaji kufafanuliwa mchezo huo unazungumzia nini.

Watu walikuja kutoka mbali, wengine wakikodi mabasi na teksi. Mvua ikinyesha mchezo ulisimama, watazamaji wakajikinga, ikikatika wakarudi kwenye madawati yao yaliyolowa. Ngugi ameandika kwamba wanakituo walijiwekea wenyewe marufuku ya ulevi wakati wa mazoezi na maonyesho, na kwamba kijiji kilichokuwa na sifa mbaya ya vurugu za pombe kilitulia. Hakuna polisi wala chifu aliyewalazimisha. Walikuwa na kitu cha kukiendea jioni, na hawakutaka kukiharibu.

Tarehe 16 Novemba, wiki sita tu tangu kuanza, mkuu wa wilaya ya Kiambu alifuta leseni ya mchezo. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 1977 polisi wakamchukua Ngugi nyumbani kwake na kumpeleka gereza la Kamiti, lile lile ambalo wakazi wa Ruiru wanalijua kama jirani. Hakushtakiwa mahakamani. Alikaa humo hadi Desemba 1978, miezi kadhaa baada ya Rais Jomo Kenyatta kufariki.

Kuna jambo moja la mwaka ule wa mchezo ambalo kila mzazi anayemkataza mtoto wake kuzungumza lugha ya nyumbani angelitafakari. Mnamo Julai 1977, Ngugi alizindua riwaya yake ya Kiingereza, Petals of Blood, katika ukumbi wa jiji la Nairobi. Riwaya hiyo inawashambulia waliolimbikiza mali baada ya uhuru kwa ukali usiopungua ule wa mchezo wa Kamirithu. Aliyeizindua rasmi ni Waziri wa Fedha, Mwai Kibaki. Miezi mitano baadaye mwandishi yule yule alikuwa ndani. Kilichobadilika ni lugha, na pamoja na lugha, watu waliokaa kwenye madawati. Kitabu cha Kiingereza kilisomwa na wachache waliosoma. Mchezo wa Gikuyu uliwafikia wale waliokuwa wakizungumziwa.

Kule Kamiti akaamua kwamba riwaya yake inayofuata ataiandika kwa Gikuyu. Aliiandika kwenye karatasi za chooni. Caitaani Mutharaba-ini ilichapishwa mwaka 1980, pamoja na kitabu cha mchezo wenyewe, na wasomaji waliipokea kwa namna ambayo wachapishaji hawakuitarajia. Watu waliisoma kwa sauti nyumbani, kazini na katika baa, msomaji mmoja akizungukwa na wasikilizaji, na akifika mahali pazuri anangoja glasi yake ijazwe ndipo aendelee. Tafsiri za Kiswahili, Shetani Msalabani na Nitaolewa Nikipenda, zilitoka mwaka 1982. Mtu wa Kiandutu asiyejua Gikuyu aliweza kuzisoma tangu hapo.

Siyo kwamba uandishi wa Gikuyu ulianza na Ngugi. Gakaara wa Wanjau wa Karatina alikuwa akiandika na kuchapisha kwa lugha hiyo tangu miaka ya 40, akafungwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, na shajara aliyoiandika huko ikampatia Tuzo ya Noma mwaka 1984. Lakini Gakaara alikuwa mtu mmoja na mtambo wake wa kupiga chapa. Kamirithu ilikuwa kijiji kizima.

Mchezo wa pili, Maitu Njugira, ulirudi nyuma hadi enzi za kipande na kazi za shuruti katika miaka ya 20 na 30. Ulijengwa juu ya nyimbo, na jambo la muhimu kwetu huku Thika ni kwamba nyimbo hizo zilitoka katika jamii mbalimbali za Kenya, si kwa Wakikuyu peke yao. Ulipangwa kufunguliwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo jijini Nairobi mnamo Februari 1982. Leseni haikutolewa. Waigizaji walipofika siku hiyo walikuta milango imefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi wakaendelea na yale waliyoyaita mazoezi, na umati ukawa unajaa hadi nje ya ukumbi kila jioni, mpaka nako wakazuiwa.

Tarehe 11 Machi 1982 serikali ilifuta usajili wa kituo cha Kamirithu. Kesho yake malori matatu ya polisi yakaingia kijijini na kulibomoa lile jukwaa. Ukuta wa mianzi, madawati, kijumba cha nguo, vyote vikasambaratishwa. Baadaye chuo cha ufundi kikajengwa kwenye kiwanja kile. Ngugi alikuwa London katikati ya mwaka huo alipopata habari kwamba akirudi atakamatwa, akabaki uhamishoni. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe. Kule wa Mirii akajenga mtandao wa vikundi vya maigizo ya jamii uliofika vijijini kote nchini humo, kazi aliyoifanya hadi alipofariki katika ajali ya gari jijini Harare mwaka 2008. Zimbabwe ikavuna ambacho Kiambu ilikataa kupanda.

Hasara yetu sisi tunaipimaje? Si kwa tiketi wala kwa tuzo. Naipima kwa vijana waliokuwa na umri wa miaka kumi hivi mwaka 1982, ambao wangekua wakiona jirani yao fundi viatu akisahihisha mswada wa profesa. Kizazi hicho kilikosa kuona hilo likifanyika. Kikajifunza badala yake kwamba sanaa ni kitu cha shuleni na cha mashindano, na kwamba mtu akimaliza kidato cha nne uigizaji umekwisha. Tamasha la kitaifa la maigizo la shule ni jambo la thamani na limezaa wasanii wengi, ila kibarua wa Thika hana nafasi ndani yake isipokuwa kama mzazi wa mwigizaji.

Hata hilo la shule halijaachwa huru. Mnamo Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru na mchezo wao, Echoes of War, baada ya Mahakama Kuu kuagiza waruhusiwe kuuigiza. Mwandishi wao, Cleophas Malala, alikamatwa, polisi wakarusha gesi ya kutoa machozi, na wasichana wakaondoka bila kuigiza. Wiki saba baadaye, tarehe 28 Mei, Ngugi wa Thiong'o akafariki Marekani akiwa na umri wa miaka 87. Serikali ikatuma rambirambi nzito. Aliyezisoma huku akikumbuka Nakuru alikuwa na haki ya kuuliza kama kuna lolote lililosomwa kutoka Kamirithu.

Nisiwe mwenye kuona giza tupu. Mwaka 2022 Ngaahika Ndeenda ulirudi, safari hii katika ule ule Ukumbi wa Kitaifa uliowafungia milango wanakijiji, ukiwa chini ya mwelekezi Stuart Nash, na uliigizwa kwa Gikuyu na kwa Kiingereza kwa siku tofauti. Walioangalia kwa Gikuyu walicheka mapema zaidi na kunyamaza mapema zaidi, kwa sababu hawakuhitaji kungoja maana iwafikie. Ilikuwa haki kurudishwa kwa mchezo huo. Bado, tiketi ya Nairobi na nauli ya kwenda na kurudi ni gharama ambayo mama wa Kiandutu anaipima kwa debe la unga.

Mambo mawili yamebadilika tangu 1982 ambayo hayapaswi kupuuzwa. La kwanza ni sheria. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kuiagiza serikali ikuze lugha za kiasili na kuendeleza matumizi yake. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makavazi, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mkuu wa wilaya aliyefuta leseni alitumwa kutoka juu. Leo Kiambu ina gavana aliyechaguliwa, bunge la kaunti lenye wawakilishi wa wadi, na bajeti ambayo lazima ipelekwe kwa wananchi waitolee maoni. Mtu wa Kiandutu anaye wa kumuuliza kwa jina.

La pili ni lugha yenyewe. Kamirithu iliweza kusimama juu ya Gikuyu kwa sababu karibu kila mtu kijijini alikuwa Mkikuyu. Kiandutu haiko hivyo, wala haiko hivyo Kimbo ya Ruiru wala Githurai. Nimesikia watu wakisema kwamba kwa sababu hiyo jambo hili haliwezekani katika mitaa yetu, kwamba ukichagua lugha moja umewakosea wengine. Sikubaliani nao. Maitu Njugira ilionyesha njia miaka zaidi ya 40 iliyopita: masimulizi yakawa ya lugha moja na nyimbo zikaja na lugha zao. Kiandutu masimulizi yatakuwa ya Kiswahili, Kiswahili cha pale pale, chenye Sheng ya vijana na chenye adabu ya wazee walioletwa mjini na kazi miongo mingi iliyopita. Mama Mkamba aimbe kwa Kikamba wimbo wa kusaga mahindi. Mzee Mluhya aombolezee jirani kwa Kiluhya. Hadhira ya Kiandutu imezoea kusikia lugha isiyo yake na kuelewa kinachoendelea, kwa maana ndivyo inavyoishi kila siku.

Ila nina wasiwasi na jinsi mambo haya yanavyofanywa siku hizi. Shirika linakuja na mradi wa miezi sita, linakusanya vijana kumi, linawapa fulana na maneno yaliyokwisha kuandikwa kuhusu ukimwi au uchaguzi wa amani, wanaigiza mara tatu, picha zinapigwa, mradi unafungwa. Sina ugomvi na ujumbe. Vijana wale wana kipaji, na wengine posho hiyo imewalipia kodi ya nyumba. Lakini hakuna mzee aliyeulizwa kama mzee huongea hivyo. Hakuna aliyepiga hesabu ya siku 29.

Kamirithu ilianza na darasa, na ningetaka Kiandutu ianze hapo hapo. Darasa la jioni la watu wazima, katika chumba chochote chenye taa, shule ya msingi ikikubali kufungua mlango baada ya watoto kuondoka. Kusoma hati ya malipo, kusoma mkataba wa kazi, kusoma barua ya chifu. Maktaba ya umma iko Thika mjini, na vyuo vikuu vinavyofundisha fasihi na isimu haviko mbali: Mount Kenya iko mjini Thika kwenyewe, na Kenyatta iko njiani tu kwenda Nairobi kupita Ruiru. Wahadhiri wa huko wanaishi katika mitaa ya Thika na Ruiru na hupanda matatu zile zile. Anachohitaji mmoja wao ni kubishiwa hodi Jumapili nne.

Kisha kiwanja. Kamirithu ilikuwa na ekari nne, na Kiandutu haina nafasi kama hiyo. Robo ya ekari ingetosha ulingo wa udongo ulioshindiliwa na madawati ya watu mia tatu. Ugumu ni kwamba ardhi ya Kiandutu yenyewe haijatulia mikononi mwa wanaoishi juu yake, na kila mpango wa kupima mtaa huo hutenga barabara, vyoo na mitaro, halafu kinachobaki hugawanywa. Wakati wa kudai kiwanja ni kabla ya ramani kupigwa muhuri. Vikao vya kaunti vya kusikiliza maoni ya umma kuhusu bajeti huitishwa kila mwaka, na aghalabu wanaohudhuria ni wale wale wanaodai taa za barabarani na maji, madai ya haki kabisa. Katika orodha hiyo hiyo pangeandikwa mstari mmoja zaidi, wenye kipimo cha kiwanja na mahali pake, na jina la kamati ya wakazi itakayokishika. Mbao, misumari na mafundi, Kiandutu inavyo.